Lazima na Labda

Katika kila lugha yamo maneno machache yasiyotaja kitu wala tendo, bali huonyesha namna tendo linavyomkalia mtendaji. Hutuambia kama tendo lilikuwa amri, au ruhusa, au uwezo, au dhana tu ya yule anayelisimulia. Waingereza wana must, may, can, should na wenziwe. Wafaransa wana devoir, pouvoir, savoir na falloir. Sisi tuna sharti, lazima, budi, huenda, labda, yabidi na yapasa. Ni maneno madogo, na mwanafunzi huyapita upesi kwa kuyakimbilia maneno makubwa. Mimi niliyapita upesi vivyo hivyo, na mama mmoja wa Mpui alilipa gharama ya haraka yangu. Kwa kuwa yeye sasa hayupo duniani, na kwa kuwa kosa lilikuwa langu peke yangu, naona si vibaya kulieleza.

Mpui ni mji mdogo katika nchi ya juu ya Ufipa, kando ya barabara itokayo Tunduma kwenda Sumbawanga. Watu wake hulima mahindi, maharage na ulezi, na katika mwezi wa Juni na wa Julai baridi ya asubuhi huwaweka karibu na moto mpaka jua limepanda. Kifipa ni lugha ya nyumbani, Kiswahili ni lugha ya soko na shule, na Kiingereza ni lugha ya wale waliokwenda mbele kidogo katika masomo. Msomaji ana haki ya kuuliza Kifaransa kiliingia kwa mlango gani.

Kilitoka upande wa ziwa. Ashukaye kutoka nchi yetu ya juu kwenda magharibi hufika Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya pili ni Kongo. Mwaka wa 1879 Wabelgiji walijenga boma huko Karema, na mwaka wa 1885 boma lile likakabidhiwa kwa Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie. Kutoka pwani ile dini ya Kikatoliki ilipanda mpaka juu kwetu. Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeliongoza kanisa la upande huu wa ziwa tangu mwaka wa 1891 mpaka kufariki kwake mwaka wa 1917, aliandika kwa Kifaransa kitabu kikubwa juu ya watu wa pwani hizi, kikapigwa chapa Algeria mwaka wa 1913. Serikali ilikuwa ya Wajerumani, kisha ikawa ya Waingereza mpaka uhuru wa mwaka wa 1961. Lakini katika nyumba nyingine za misheni lugha ya mezani ilikuwa Kifaransa. Wazee wetu walikisikia pasipo kukifahamu.

Wazee hao walikuwa na kisa walichopenda kusimulia. Padre mmoja mgeni, ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado kichanga, alisimama siku moja akawaambia watu juu ya desturi ya kuchoma majani wakati wa kiangazi. Alisema, "Si lazima mchome majani mlimani." Watu wakamshukuru kwa upole wake, wakaenda zao, na kila aliyetaka kuchoma akachoma. Padre alipoona moshi alikasirika mno. Nilipokuwa mtoto nilicheka pamoja na wenzangu. Nilipojifunza Kifaransa ndipo nilipofahamu kwamba padre hakukosa akili. Katika lugha yake mtu akisema il ne faut pas, ingawa ukanushi umekaa karibu na neno la lazima, maana yake si kwamba jambo halilazimu. Maana yake ni kwamba jambo limekatazwa. Padre alichukua neno moja moja akalivusha. Alitaka kusema "lazima msichome", akasema "si lazima mchome". Kiswahili huuweka ukanushi pale unapofanya kazi: ukikaa kwenye lazima, huondoa lazima, ukikaa kwenye tendo, hulizuia tendo. Waingereza nao hutenganisha mambo haya mawili, lakini kwa kubadili neno zima, kwani must not ni katazo, na need not ni hiari.

Mimi nilikipata Kifaransa Dar es Salaam nilipokuwa masomoni, na nilikipata kwa njia ya Kiingereza. Kitabu changu cha sarufi kilikuwa kimeandikwa kwa Waingereza. Ndani yake mlikuwa na jedwali: upande wa kushoto must, may, can, should, na upande wa kulia maneno ya Kifaransa yanayolingana nayo. Nililikariri jedwali lile kama mtoto akaririvyo hesabu za kuzidisha. Sikujiuliza kwa nini Mswahili apite kwa Mwingereza ili afike kwa Mfaransa. Njia nyingine ilikuwapo tangu zamani. Padre Charles Sacleux, aliyeishi miaka mingi katika pwani yetu na Unguja, aliacha kamusi nene ya Kiswahili na Kifaransa iliyotolewa Paris kati ya mwaka wa 1939 na 1941, na humo lugha hizi mbili zinatazamana uso kwa uso pasipo mtu wa tatu. Lakini mimi nilikuwa na jedwali langu, nikaridhika nalo.

Nilirudi Ufipa nikawa mwalimu. Habari ikaenea kwamba mwalimu wa Mpui anajua Kifaransa. Habari hiyo ilinipendeza, wala sikuipunguza.

Mwaka wa 1999 alikuja nyumbani kwangu mama mjane, jirani yetu, ambaye mimi nilimwita mama mkubwa kwa kuwa alikuwa rika la dada za mama yangu. Mwanawe wa kwanza alikuwa amevuka ziwa mwaka wa 1995 kwenda kutafuta kazi Kalemie, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati ule. Alipata kazi, akawa akituma salamu na fedha kidogo kwa mikono ya wasafiri. Kisha vita vikaanza tena Kongo mwezi wa Agosti mwaka wa 1998, na salamu zikakatika. Sasa ilikuwa imefika barua. Ilikuwa imevuka ziwa kwa mtumbwi wa injini, ikapanda kutoka Kasanga kwa mkono wa mfanyabiashara, nayo ilikuwa imekunjwa mara nyingi hata maandishi ya kwenye mikunjo yamefifia. Iliandikwa na karani wa mahali alipofanyia kazi yule kijana. Bila shaka karani huyo alisema Kiswahili nyumbani kwake, kwani Kalemie ni mji wa Kiswahili. Lakini barua za ofisi za huko huandikwa kwa Kifaransa, na huyu aliandika kama karani.

Mama mkubwa alikaa juu ya kigoda, akaweka mikono magotini. Mdogo wake yule kijana, aliyekuwa na umri wa miaka kama 20, alisimama mlangoni. Nikasoma.

Maneno yenyewe yalikuwa machache. Karani alisema kwamba kazi ilisimama kwa sababu ya vita, kwamba wafanyakazi walitawanyika, na kwamba mali ya kijana, yaani sanduku moja na baiskeli, imehifadhiwa. Kisha akaandika juu ya kijana mwenyewe: il a dû rentrer chez lui. Nikalikumbuka jedwali langu. Devoir ni must. Must ni lazima. Na hapa lazima imekwisha pita. Nikasema kwa sauti ya mtu ajuaye, "Alilazimika kurudi nyumbani kwao."

Mama mkubwa akauliza, "Kurudi hapa?"

Nikajibu, "Ndiyo, mama mkubwa. Kwao ni hapa."

Ilifuata sentensi nyingine fupi: il aurait été vu au port. Hii ilinisumbua. Kwa hesabu za jedwali langu ilitoka kama "angalionekana bandarini", na sikuona maana yake. Angalionekana kama nini kingalitokea? Sharti lililokosekana sikuliona mahali popote katika barua. Mama alikuwa akinitazama. Nikaona aibu kusema kwamba sielewi, nikairuka sentensi ile, nikasoma salamu za mwisho.

Siku ile nyumba ya mama mkubwa ilikuwa na furaha. Alimkandikia mwanawe kibanda chake, akanunua mkeka mpya. Mdogo mtu alikuwa amekwisha weka nauli ya kushuka mpaka Kasanga na kuvuka kumtafuta nduguye kabla ya mvua. Mama akamzuia. Alimwambia, "Ndugu yako yu njiani. Mkipishana ziwani, nitakuwa na watoto wawili wa kungoja badala ya mmoja." Maneno hayo yalikuwa na busara, ila yalijengwa juu ya maneno yangu. Mvua zikaja zikaisha. Mahindi yakavunwa. Mvua nyingine zikaja. Kila nilipopita kwenda shuleni mama mkubwa alinisalimu kwa heshima, akaniuliza, "Mwalimu, safari ile ni ya siku ngapi?" Nami nilimjibu kwamba wakati wa vita njia ni ndefu.

Mwaka wa 2001 nilikuwa Sumbawanga kwa shughuli za shule, nikakutana na mwalimu wa Kikongomani aliyekimbia vita na kupata hifadhi kwa jamaa zake mjini. Tulizoeana. Siku moja, kwa majivuno kidogo, nilimtajia sentensi ile kutoka kichwani, nikamweleza jinsi nilivyoifasiri. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa Kiswahili chao cha Kongo, "Nani alimulazimisha?"

Nilinyamaza. Katika barua nzima hapakuwa na mtu aliyemlazimisha.

Akanieleza kwa upole, kama mwalimu amwelezavyo mwalimu. Devoir ya Kifaransa hubeba mizigo miwili: mzigo wa wajibu na mzigo wa dhana. Kiingereza nacho hufanya hivyo kwa must. Mtu akisema he must go, ni wajibu. Akisema he must be sick, ni dhana, hakuna amwamuruye mtu kuugua. Lakini jambo linapokuwa limepita, Kiingereza hutenganisha njia. Wajibu uliopita ni had to go. Dhana juu ya lililopita ni must have gone. Kifaransa hakitenganishi. Il a dû rentrer ni hiyo hiyo moja kwa zote mbili: ama ilimbidi arudi, ama nadhani amerudi. Mfaransa hutambua kwa kutazama maneno yaliyotangulia na yanayofuata.

Sababu yake iko katika umbo la lugha zenyewe. Must ya Kiingereza ni neno gumu lisilonyumbulika. Halina wakati uliopita wa kwake, kwa hiyo Mwingereza anapokisia jambo la jana huiacha must mahali pake leo, akaurudisha nyuma ule mtendo wa pili. Dhana ni ya sasa, tendo ni la jana. Devoir ni kitenzi kamili kinachonyumbuliwa kama vitenzi vingine, na kwa hiyo Mfaransa huubandika wakati uliopita juu ya devoir yenyewe. Hapo ndipo dhana ya sasa inapovaa nguo za wajibu wa zamani. Kiswahili chetu katika jambo hili hufuata njia ya kutenganisha. Kwa wajibu tunasema "ilimbidi arudi" au "alilazimika kurudi". Kwa dhana tunasema "bila shaka amerudi", au "atakuwa amerudi". Mtoto wa miaka 6 hawezi kuyachanganya.

"Na sentensi ya pili?" nikamwuliza, nikamtajia ile habari ya bandarini.

Akasema kwamba umbo lile, ambalo vitabu huliita la sharti, Wafaransa hulitumia pia kwa habari wasiyoweza kuithibitisha. Mwandishi wa habari huko akisema kwamba mtu fulani aurait traversé, hasemi "angalivuka", anasema "yasemekana amevuka". Karani alikuwa mtu mwangalifu. Aliandika: "Huenda amerudi kwao, yasemekana alionekana bandarini." Alipima maneno yake mawili kwa haki, na mimi nikalivunja la kwanza na kulitupa la pili.

Nataka msomaji aone mahali lilipo kosa. Kutojua si dhambi. Hakuna ajuaye yote ya lugha ya watu. Lakini sentensi ya pili ilinionya. Ilikuwa imesimama pale, haina maana katika mikono yangu, na kitu kisicho na maana katika maandishi ya mtu mwenye akili ni dalili kwamba msomaji amepotea mahali fulani nyuma. Kama ningalisema, "Mama mkubwa, hapa sielewi," angalipeleka barua kwa mapadre, au angalimruhusu mwanawe wa pili kwenda. Nilificha shaka yangu, na kwa kuificha nikaificha shaka ya karani pia.

Nilirudi Mpui siku ya pili yake. Nilikwenda kwake jioni. Alikuwa akipepeta maharage. Nikakaa chini, nikamwambia, "Mama mkubwa, ile barua niliisoma vibaya. Karani hakusema kwamba mwanao alilazimika kurudi. Alisema labda amerudi. Hakujua."

Aliendelea kupepeta kwa muda. Kisha akauliza, "Neno la labda lilikuwamo?"

"Lilikuwamo, mama mkubwa. Lilikuwamo mara mbili."

Akaweka ungo chini. Akasema, "Mwanangu mwalimu, ungalisema labda, tungalikwenda kumtafuta." Hakusema zaidi ya hayo, wala hakunitukana. Aliniambia nikaribie moto, kwa kuwa baridi ilikuwa imeanza kushuka.

Mdogo mtu alivuka ziwa kiangazi kile. Alifika Kalemie, akakuta ofisi imefungwa, na karani hayupo. Sanduku lilikuwa limepotea, baiskeli pia. Watu wawili walimkumbuka nduguye, lakini habari zao zilikuwa za miaka 2 iliyopita na hazikukubaliana. Alirudi Mpui kabla ya mvua. Mama mkubwa alifariki mwaka wa 2009 bila kupata habari, wala hapana habari iliyofika mpaka leo ninapoandika. Siwezi kusema kwamba angalipatikana kama angalitafutwa mapema. Katika jambo hili mimi sina haki ya kutumia neno lolote zito kuliko labda.

Tangu siku zile nimejifunza Kifaransa upya, safari hii kutoka Kiswahili moja kwa moja, na nimeona kwamba mara nyingi njia ni fupi kuliko ile ya kuzunguka Uingereza. Mwingereza husema I can swim, kana kwamba kuogelea ni nguvu tu. Mfaransa husema je sais nager, nasi twasema "najua kuogelea". Wote wawili tunakubali kwamba ni ujuzi. Mwingereza humtanguliza mtu katika wajibu, you must go. Mfaransa husema il faut que tu partes, asimtaje mwenye kuamuru, kisha akabadili umbo la kitenzi kinachofuata. Nasi twasema "yapasa uende", bila mwenye kuamuru, na kitenzi chetu nacho kikabadilika mwisho wake. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyehangaishwa na umbo hilo la Kifaransa katika kitabu cha Kiingereza hakuambiwa kwamba analo mdomoni tangu utotoni.

Tena nimejifunza kwamba hata wakubwa wa dunia hawakuyapita maneno haya bila taabu. Azimio la Haki za Binadamu lililopitishwa na Umoja wa Mataifa mjini Paris tarehe 10 Desemba 1948 linasema katika kifungu chake cha kwanza jinsi watu wanavyopaswa kutendeana kindugu. Katika Kiingereza neno lililotumika ni should, ambalo lina sauti ya nasaha. Katika Kifaransa ni doivent, ambalo lina sauti ya amri. Ni hati moja, ilipitishwa siku moja, na udugu wa wanadamu ni shauri jema kwa msomaji mmoja, na ni deni kwa msomaji mwingine. Aliyelifasiri kwa Kiswahili alichagua yapasa. Nalipenda chaguo lake. Neno hilo halimpigi mtu fimbo, wala halimwachi aende zake. Lamwambia lililo haki yake kutenda.

Wala tusijivune kwamba lugha yetu ni safi katika mambo haya. Siku hizi twasema "lazima atakuwa amefika" juu ya mtu ambaye hatujui kama amefika, na lazima yetu hapo imekuwa kama devoir ya Wafaransa. Na wale wanaofuatilia asili ya maneno hutuambia jambo la ajabu zaidi. Budi na labda ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yametoka katika Kiarabu, katika maneno la budda, yaani hapana njia ya kuepa. Katika "sina budi" maana ile ya kale imebaki. Katika "labda" imegeuka: neno lililokuwa la hakika kabisa limelegea kidogo kidogo katika vinywa vya watu mpaka likawa neno la shaka. Pengine watu waliona mara nyingi mno kwamba yale waliyoapa kuwa hayana budi kutokea hayakutokea.

Bado naletewa barua. Simu zimepunguza kazi hiyo, lakini hazikuiondoa. Hati za hospitali, za shule na za mahakama bado huvuka ziwa zikiwa katika Kifaransa. Ninapokutana na neno dogo la wajibu au la dhana, huweka kalamu chini nikamwuliza mwandishi asiyekuwapo: nani amelazimisha? Nikikosa jibu ndani ya karatasi, humwambia mwenye barua kwamba pana njia mbili, nikamwonyesha zote, na kama sijui, husema sijui. Wengine huondoka wakidhani Kifaransa changu kimepungua kuliko kilivyokuwa ujanani mwangu. Nawaacha wadhani hivyo.